Jimu ya akina mama Temeke: saa nne asubuhi, elfu tatu kwa siku

Nianze na ratiba, maana ndiyo iliyonifanya nipande zile ngazi. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa nne asubuhi, dakika hamsini. Mwanamke wa Temeke mwenye nyumba na biashara anaijua thamani ya saa nne. Watoto wako shule, chai imekwisha, vyombo vimeoshwa, na mboga ya mchana bado haijabandikwa. Jimu nyingi nilizowahi kuulizia hapa Dar zinafungua saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya wanaowahi ofisini, halafu zinajaa tena kuanzia saa kumi na mbili jioni. Alfajiri mimi napika uji na kunyoosha sare. Jioni niko jikoni, na hata nisingekuwa jikoni, kichochoro cha kwetu hakina taa na simpendekezei mwanamke yeyote kukipita peke yake saa tatu usiku akiwa na simu mkononi.

Aliyeipanga saa hiyo ni mama wa watoto wadogo, na inaonekana.

Jimu yenyewe ni ukumbi wa ghorofa ya kwanza juu ya duka la vifaa vya ujenzi, upande wa Tandika. Jina na namba ya simu siweki, mwenyewe ameomba hivyo, kwa kuwa ukumbi unachukua watu thelathini na kuna Jumamosi wengine wanaishia mlangoni. Naandika hata hivyo, kwa sababu kuna wengi wanaotafuta mahali kama hapa, na wapo wachache wenye ukumbi na mtaji wanaofikiria kufungua. Hao wa pili hasa nawaomba wasome hadi mwisho.

Mimi ni fundi cherehani. Miaka ya nyuma nilishona kwa cherehani ya kukanyaga, miguu ikifanya kazi kutwa nzima. Nilipofunga mota kazi ikaenda haraka na oda zikaongezeka, lakini kuanzia kiunoni kwenda chini nikawa mtu wa kukaa tu. Presha ikapanda. Kliniki nikaambiwa nifanye mazoezi nusu saa, siku tano kwa wiki, nikapewa na tarehe ya kurudi. Ushauri huo ni sahihi kabisa. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 za mazoezi makali, pamoja na siku mbili za kuimarisha misuli. Mwongozo wa mwaka 2020 uliondoa hata lile sharti la zamani kwamba mwendo usiofika dakika kumi mfululizo hauhesabiki. Kwa hiyo kupanda ngazi kunahesabika, na kwenda sokoni kwa miguu kunahesabika. Hamsini mara tatu ni 150. Nilimuuliza mwenye jimu kama ilitokea tu, akanijibu kwamba alikaa na kalamu akapiga hesabu.

Shirika hilohilo lilitoa takwimu mwaka 2024 kwamba kufikia 2022 watu wazima 31 katika kila 100 duniani hawakuwa wanafikia kiwango hicho. Kwa wanawake ni 34, kwa wanaume 29. Watu wakisoma namba kama hizo huwa wanakimbilia kusema watu wamekuwa wavivu. Mimi nakataa. Nakaa dukani na wanawake hao nikiwapima viuno na mabega, na wananieleza maisha yao huku mkono umenyooshwa kwenye futi. Anayeamka saa kumi kukaanga vitumbua hawezi kuitwa mvivu. Anachokosa ni saa, mahali, nguo, pesa ya kulipa kidogokidogo, na mtu wa kumwachia mtoto. Kwa hiyo huduma yoyote ya mazoezi naipima kwa hayo matano kabla sijaangalia vyuma vyake.

Kwenye pesa, jimu hii imefanya jambo la maana kuliko zote nilizoziona. Unalipa 3,000 ukija. Ukitaka wiki nzima ni 8,000, mwezi ni 30,000, na hakuna kiingilio. Niliwahi kwenda kuulizia jimu moja kubwa yenye kiyoyozi na mashine za kukimbilia, nikaambiwa ada ya kujiandikisha, kisha miezi mitatu mbele, na fomu ya kusaini. Dada wa mapokezi alikuwa na adabu, sina neno naye. Lakini mtu anayepata pesa yake kila siku hawezi kutoa ya miezi mitatu kwa mkupuo, na akiitoa, mwezi ambao mtoto ataumwa ile pesa imeshapotea. Pale kwetu mwezi wa mtoto kuumwa hulipi, ukirudi unakaribishwa. Kuna mama muuza samaki anayekuja Alhamisi tu kwa sababu siku nyingine yuko soko la samaki la Feri. Hakuna anayemuuliza alikuwa wapi.

Sasa nguo. Hapa nina mengi.

Sababu ninayoisikia dukani kuliko zote ni hii: nitaanza nikipata nguo. Wanaume huwa wanaicheka. Isichekwe. Chukua taiti zinazouzwa kwa wingi barabarani. Ukisimama ziko sawa, ukichuchumaa kitambaa kinavutika mpaka kinaonyesha ngozi, na mvaaji anajua, kwa hiyo hachuchumai ipasavyo. Lastiki ya kiunoni ni nyembamba, inajikunja na kukata tumbo. Tisheti zinazouzwa pamoja nazo ni fupi, mikono ikipanda juu tumbo linabaki wazi. Kwa aliyezoea dera na mtandio, kutoka nyumbani hivyo ni kupita mbele ya kijiwe cha bodaboda, mbele ya shemeji, mbele ya ustadhi wa madrasa wa mwanawe. Wengi hawatapita. Na sidiria ndiyo mbaya zaidi. Mwanamke mwenye kifua kikubwa akiruka na sidiria ya kawaida anaumia, akiumia siku ya kwanza harudi, na hawezi kumweleza mtu kwa nini hakurudi.

Jimu hii imetatua nusu ya tatizo. Wanaume hawaingii, hata fundi wa feni anasubiri darasa liishe. Madirisha ya upande wa barabara yamewekewa pazia zito. Kuna chumba kidogo cha kubadilishia, na unaruhusiwa kufanya mazoezi na dera lako ukilifunga kiunoni kwa khanga, ingawa mwalimu atakuonya usikanyage pindo. Wiki za kwanza nilifanya hivyo. Kisha nikajishonea, na sasa nawashonea na wengine, kwa hiyo niseme wazi kwamba baadhi ya wanawake pale ni wateja wangu. Nilichokuja kukielewa ni kwamba kitambaa cha jezi chenye pamba nyingi ndicho kinachofaa kwa joto la hapa, kwa sababu nailoni tupu inabana jasho na kuleta vipele mapajani. Suruali lazima iwekewe kipande cha msamba, la sivyo mshono utaachia ukichuchumaa. Juu, joho fupi la kufika magotini lenye mpasuo pembeni pande zote mbili, ili mguu upate nafasi. Lastiki upana wa vidole vitatu. Fundi yeyote anaweza kushona hiyo, haihitaji mashine ya pekee, ovaloki ya kuziba kingo za kitambaa, ambayo mafundi wengi wanayo, inatosha. Raba za mtumba zipo soko la Tandika na soko la Karume, chagua ambazo soli haijakauka. Ukiikunja ikapasuka, achana nayo.

Kuhusu watoto, kona moja ya ukumbi ina mkeka, midoli michache na binti analipwa kuwaangalia, 500 kwa kila mtoto. Kona ile imeleta wanawake wengi kuliko spika kubwa zilizowekwa mbele. Jumamosi, shule zikiwa zimefungwa, mkeka hautoshi na kelele zinazidi muziki. Ningependa mwenye jimu aongeze binti wa pili siku hiyo hata kama atapandisha ile 500.

Mwalimu ni mzuri. Ni dada mwenye sauti ya kutosha, anayejua kwamba mbele yake kuna mwenye miaka ishirini na mitano na mwenye sitini. Kabla hujaanza anakuuliza presha, sukari, magoti na kama umejifungua karibuni. Ana kipimo cha presha, na mtu akiwa juu sana anamrudisha zahanati kwanza, hata kama ameshalipa. Mwenye magoti mabovu anapewa benchi: anakaa na kuinuka, anakaa na kuinuka, na hilo ndilo zoezi lake la kuchuchumaa. Vyuma ni vichache, vingine ni chupa za maji zilizojazwa mchanga, na kazi zinafanya. Muziki ni taarabu ya kasi mwanzoni na singeli mwishoni, na dakika tano za mwisho ni kujinyoosha taratibu sakafuni. Siku za mwanzo misuli ya mapaja iliniuma kiasi cha kushika ukuta nikienda msalani. Mwalimu alikuwa ameshatuambia itatokea na itapita, na ndiyo maana sikuogopa. Ninawajua wawili walioacha mahali pengine kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Sasa nije kwenye yanayonikera, na sitayapunguza.

La kwanza ni mizani. Ilikuwa mlangoni, kila Jumanne mtu anapanda na msaidizi anasoma kilo kwa sauti huku mwingine akiandika daftarini. Niliona wanawake wakizishuka zile ngazi na wasirudi tena. Tulimwendea mwenye jimu kikundi, akatusikiliza, mizani ikahamishiwa chumba cha kubadilishia na anayetaka anajipima mwenyewe. Namshukuru kwa hilo. Lakini picha za kabla na baada bado zinarushwa kwenye kundi la WhatsApp bila mtu kuulizwa vizuri, na kuna mama mmoja picha yake ilifika kwa mawifi zake. Hilo halijamalizwa na linapaswa kumalizwa mara moja.

La pili ni chai ya kupunguza tumbo. Kwenye meza ya mapokezi inauzwa pakiti 15,000, pamoja na mikanda ya kubana kiuno. Mwanamke anatoka darasani akiwa na jasho na furaha, anaambiwa kwamba jasho lake halitoshi bila chai. Chai za namna ile nyingi ni za kuharisha. Mtu wa presha anayetumia dawa za kupunguza maji mwilini akiharisha kutwa anaweza kupata madhara makubwa. Nimemwambia mwenye jimu mbele ya watu na naandika tena hapa: iondolewe. Inaharibu kazi yote nzuri ya mwalimu, na inamrudishia mwanamke lile wazo kwamba mazoezi ni ya kupunguza kilo, kwa hiyo kilo zisipopungua aache. Mimi kilo zangu zimepungua kidogo sana. Presha yangu kliniki inasomeka vizuri zaidi na dawa sijaziacha, nalala usiku, na mgongo hauniumi nikiinuka kwenye cherehani. Kwangu hiyo ndiyo faida, na hakuna mizani inayoionyesha.

Hili la kilo lina upande mwingine ambao jimu haiwezi kuutatua peke yake. Huku kwetu mwanamke akinenepa wanasema ndoa imemkubali. Akipungua, wanaulizana anaumwa nini, au mume amempa mawazo gani. Mwenzetu mmoja alipungua kwa mazoezi tu, shangazi akafunga safari kutoka Lindi kuja kumwona mgonjwa. Aliacha kuja kwa muda kwa sababu ya maneno. Mwalimu alimfuata nyumbani, akakaa na mama mkwe wake, wakanywa chai, akaeleza. Mwenzetu akarudi, na mama mkwe sasa ndiye anayebaki na mtoto. Huduma ya namna hiyo huilipii na haimo kwenye tangazo.

La tatu, choo ni kimoja, hakina ndoano ya kutundika nguo, na maji ya kuoga hakuna. Unarudi na jasho lako. Kwa tunaokaa karibu si neno, kwa anayepanda daladala ni tatizo. Feni mbili katika nne hazizunguki, na miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, ukumbi ule wenye bati juu unakuwa na joto la kumfanya mtu aone kizunguzungu. Mwalimu anapunguza kasi na kusimamisha watu wanywe maji, lakini feni zitengenezwe. Masika nako bati linapiga kelele mpaka humsikii anayehesabu, na wanaotoka maeneo yenye madimbwi hawafiki kabisa.

La nne ni Ramadhani. Jimu inafunga mwezi mzima. Naelewa, wengi wetu tumefunga na alasiri yote ni futari. Lakini baada ya Idi darasa linarudi na nusu ya watu. Mwili uliokaa mwezi mzima unaona uzito kuanza upya, na mazoea yameshakatika. Kujinyoosha na kutembea taratibu mle ukumbini dakika ishirini, mara moja au mbili kwa wiki, saa yoyote watakayokubaliana, kungewashikilia watu. Nimependekeza, nimeambiwa litafikiriwa.

Kuna watakaoniuliza kwa nini kulipa wakati barabara ni ya bure. Nimeijaribu barabara. Njia ya miguu ya kwetu imejaa meza za biashara na bodaboda zilizoegeshwa, unashuka barabarani, unapigiwa honi, unaitwa majina. Vijana wana klabu zao za jogging, Jumapili alfajiri wanapita wamevaa tisheti za rangi moja wakiimba, na kwa kweli wanapendeza na wanafaa kuungwa mkono. Ukiwa huna mtoto mchanga na hamna misa ya kwanza, jiunge nao. Mwishoni mwa 2016 Mama Samia, akiwa bado Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi, na wenzetu Zanzibar wana bonanza lao la kila Januari mosi. Nayapenda yote hayo, yanawafanya watu wazima waone kwamba kukimbia hakuna aibu. Ila mwili unadai kila wiki, na kati ya bonanza na bonanza mtu anahitaji mahali pa kwenda Jumanne.

Na wanaume? Baba watoto wangu ni dereva wa lori. Anakaa kwenye kiti kuanzia alfajiri hadi usiku, anakula chipsi mayai njiani, na alipokuwa kijana alicheza namba saba ya mtaa. Siku hizi mpira anautazama kibandani. Mgongo unamsumbua kuliko ulivyonisumbua mimi. Nilimuuliza mwenye jimu kama anaweza kuweka darasa la wanaume wa umri wao Jumapili mchana, ukumbi ukiwa mtupu, na mwalimu mwanamume. Alisema hakuna aliyewahi kuuliza. Mwenye ukumbi Temeke anayesoma hapa, madereva, walinzi na mafundi wa vyerehani wanaume wapo, na jioni yao inaanza saa tatu.

Kwa jumla naipa nyota nne katika tano. Moja nimeibana kwa sababu ya chai na zile picha, na siku vitakapoondoka nitairudisha hapahapa.

Ukienda, beba taulo dogo, chupa ya maji ya lita moja na khanga ya kutandika sakafuni, kwa maana mikeka ni ya pamoja na haifuliwi kila siku. Kama unameza dawa mwambie mwalimu jina lake, na usiende na njaa kama una sukari. Malipo ni taslimu au kwa simu. Mabenchi ni sita tu, mwenye magoti afike saa tatu na nusu.